Barua za Poda

Malaba, Jumamosi alasiri

Nafula mwanangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Amagoro kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hivyo nina alasiri nzima. Nimefunga duka, nimezima mashine ya fotokopi, na nimemwambia baba yako kwamba kichwa kinaniuma. Hakiumi. Nilitaka tu niachiwe meza.

Mambo ya kufunga mlango, kutoshika simu karibu na dirisha la basi na kutokula vya barabarani, baba yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wetu wameyajua. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa. Barua hii nitaiweka ndani ya kisanduku cha lenzi, chini ya kitambaa, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachofungua ukifika Nairobi. Ukiikuta mapema ukiwa njiani, hata vizuri.

Wiki ijayo, katika ofisi hiyo ya kupima stempu na hati za zamani, watakuwekea mezani bahasha moja. Ulinisomea barua yao mwenyewe, umekaa kwenye kigoda pale mlangoni. Bahasha ina stempu nyekundu iliyoandikwa BARUA ZA PODA, na wanataka uiandikie cheti, kweli au bandia, kwa jina lako. Ukacheka ukasema, "Mama, hiyo ni rahisi. Daftari lako linasema Poda zote ni bandia." Nikacheka na wewe.

Nafula, daftari langu limedanganya. Poda za kweli zipo. Nilijua zipo siku niliyoandika kwamba hazipo, na nilijua kuliko mtu yeyote, maana kosa lile la maneno nililifanya mimi.

Habari hizi unazijua kwa vipande, na vingine nimekupa vimepinda. Wacha nizinyooshe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipotoka kwetu Busibwabo nikaja hapa kuwa karani wa mzee Makokha. Alikuwa na baiskeli kumi na mbili, zile nyeusi nzito za chuma, nusu Busia na nusu Malaba, na vijana wake walivusha watu mpakani wamekaa kwenye karia. Simu za mkononi zilikuwa bado. Mtu wa Malaba mwenye dada Tororo, ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo baiskeli hufika kabla ya chai ya saa nne, akituma barua ilizunguka miji mikubwa ya nchi mbili ndipo imfikie. Mzee Makokha akasema, kama kijana anavusha mama na magunia yake, barua itamshinda nini? Akafungua ofisi hapa na Busia, akaweka wakala Amagoro na Adungosi. Ulinunua stempu yetu, ukaibandika, na barua ikafika siku hiyo hiyo. Haikuwa stempu ya serikali. Nje ya njia zetu ilikuwa kipande cha karatasi nyekundu tu. Kampuni aliiita Barua za Boda.

Leo bodaboda ni neno la nchi nzima, liko magazetini. Wakati ule lilikuwa neno la midomo ya vijana wa huku, waliokaa kando ya lori wakimwita kila anayeshuka, "Boda! Boda!" Sikuwahi kuliona limeandikwa mahali. Nilikuwa nimelisikia tu, na masikio yangu ni ya Busibwabo.

Wewe umekulia Malaba, ulimi wako umelainishwa na watu wa kila namna, ndiyo sababu umenicheka tangu ukiwa mdogo. "Mama, sema boda." Nasema. "Mama, umesema poda." Ulikuwa unaita na wenzako waje wasikie. B yetu sisi Waluhya ni laini, midomo haigusani vizuri, na tukiitafuta ile ngumu ya Kiswahili inatutoka p. Watu wa kwetu wamechekwa hivyo tangu zamani, na hakuna aliyekufa. Lakini uweke jambo hili akilini: Wateso, majirani zetu wa huku, hawana shida hiyo. Kiteso kina b yake na p yake, kila moja na kiti chake. Mteso akikosea, atakosea kwingine.

Aliyetuchongea mihuri alikuwa Mteso wa Adungosi, mzee Omuse. Nasema mzee, lakini wakati huo alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo. Alichonga mpira wa tairi kwa sipoki ya baiskeli iliyonolewa, na aliandika kinyumenyume kwa haraka kuliko mimi ninavyoandika wima. Shuleni alifika darasa la tatu. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa na wiki tatu kazini, na nilikuwa na sketi mpya. Nilimwandikia maneno ya stempu kwenye kikaratasi, kwa herufi kubwa, nikamsukumia juu ya meza.

Akakisoma polepole. "Dada, hii ni poda ama boda?"

"Ni vile imeandikwa."

"Nauliza tu. Poda ni ile ya mtoto."

Alikuwa ananisaidia, Nafula. Laiti ningeangalia kile kikaratasi mara ya pili tu. Lakini vijana wawili wa baiskeli walikuwa mlangoni wanasikiliza, nami nikaona huyu fundi wa tairi anataka kunifundisha kuandika. Nikamwambia, "Mzee, wewe kazi yako ni kuchonga. Chonga vile imeandikwa."

Akachonga. Kikaratasi akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati.

Tulichapa karatasi chache kwanza, wino mwekundu. Matundu ya kukatia tuliyapiga kwa cherehani isiyo na uzi, na kwa sababu gurudumu lake lilikuwa limelika, iliruka tundu moja kila baada ya kumi na moja. Gundi ilikuwa uji wa muhogo. Hayo yote unayajua, nimekufundisha kuyatafuta kwenye stempu za Boda, zile zilizofuata. Kwenye Poda ni yale yale, ila kuna jambo la ziada ambalo sikukufundisha, kwa sababu ningekuwa nakufundisha kunikamata. Mguu wa R kwenye neno BARUA umekatika kidogo chini. Sipoki ya Omuse ilikuwa na pengo. Wanaoziiga hawaujui mguu huo, maana hakuna aliyewahi kuwatajia.

Ziliuzwa siku mbili. Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Siku ya pili mama mmoja wa sokoni akasimama dirishani akasema, "Nipatie poda mbili, moja ya barua, moja nipake mtoto," na watu wote wa foleni wakaangua kicheko. Mimi sikuelewa mpaka niliposoma stempu kwa sauti, na hata hapo sikusikia tofauti. Niliiona kwa macho tu. Mzee Makokha akafika kutoka Busia saa nane, tayari ameambiwa njiani.

"Nani aliandika hii kitu?"

Nikasema, "Ni Omuse. Mimi nilimwandikia vizuri."

Ilitoka upesi, kabla sijaitafuta. Nimeikumbuka sauti yangu mara nyingi sana tangu hapo, na kila mara inashangaza ilivyokuwa tulivu. Mzee Makokha hakuomba kuona kikaratasi. Alisema tu, "Hawa Wateso, Kiswahili inawasumbua," akaamuru zilizobaki zichomwe. Kazi ya mihuri ikapewa fundi mwingine wa Busia. Kesho yake Omuse akaja na kikaratasi mkononi, lakini mzee alikuwa amerudi Busia, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha. Akakiinua nikione. Nikaita mtu aliyekuwa nyuma yake, "Haya, anayefuata."

Mtu aliyesoma angegundua kwa masikio peke yake. Mzee Makokha alikuwa Mluhya kama mimi. Kama angejisikiliza mwenyewe akisema neno lile, angejua kosa limetoka kwetu, si kwa Wateso.

Omuse akaitwa Fundi wa Poda. Kuanzia Amagoro hadi Adungosi, akipita sokoni watoto walijipapasa mashavu kama wanaojipaka poda. Kanisani jina likafika, shuleni likafika. Chama cha akina mama kilikuwa kimemwagiza muhuri, kikaenda kwingine. Mwishowe akaacha kuchonga maandishi kabisa, akawa anakata tairi zile zile kutengeneza akala, vile viatu vya tairi. Nilimwona mara nyingi siku za soko. Nilijifunza kupita upande wa pili.

Kampuni iliishi miaka michache, kisha simu zikaja, na nani tena angelipia baiskeli kubeba salamu? Mzee Makokha akafa, vitu vya ofisi vikabaki kwangu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyevitaka: mihuri, cherehani, karatasi za mfano. Miaka ikapita, barua zikaanza kuja kutoka nchi za mbali. Kumbe kuna watu wanaokusanya stempu za kampuni ndogo kama yetu, na zetu zimekuwa adimu, na wajanja wameanza kuziiga. Walimtafuta mtu aliyezibandika kwa mkono wake. Ndivyo karani wa Busibwabo alivyogeuka mtaalamu.

Kazi hiyo niliipenda, nakwambia ukweli. Niliipenda zaidi ulipoanza kuifanya nami. Unakumbuka ile bahasha iliyotoka Kampala, yenye karatasi kuukuu nzuri sana hata mimi nikawa karibu kuipitisha? Ulikuwa na miaka tisa. Ukainusa ukasema, "Mama, hii iko na tangawizi." Jamaa alikuwa ameitumbukiza kwenye chai ili izeeke, na hakukumbuka kutumia chai isiyo na viungo. Nilicheka mpaka nikalia. Jioni ile nilimwambia baba yako kwamba huyu mtoto ana pua ya kazi. Akasema afadhali pua hiyo kuliko yake, inayofaa miwani tu.

Sasa nakuja pagumu.

Siku moja ulipokuwa kidato cha pili, alikuja mwanamke dukani na bahasha ndani ya mfuko wa sukari. Wewe ulikuwa umekaa pembeni unapanga fotokopi. Alisema anaitwa Akisa, kwao Adungosi. Bahasha ilikuwa na stempu ya Poda. Nilijua kabla hajaishusha mezani. Matundu, wino, mguu wa R, vyote viko. Akaniambia, "Baba yangu ndiye alichonga. Hatuuzi. Nataka tu karatasi yako iseme ni ya ukweli, halafu niulize swali lingine." Kisha akatoa kikaratasi kilichokunjwa, rangi yake imekuwa kama majani ya chai, akakiweka kando ya bahasha. Hakusema ni cha nani. Akaniangalia.

Kilikuwa mwandiko wangu. BARUA ZA PODA.

Nilikuwa na jina kufikia hapo, Nafula. Watu wa ng'ambo walikuwa wakiandika kwenye matangazo yao ya mnada kwamba stempu fulani imepimwa na Mama Taaka wa Malaba, na hiyo ilitosha. Niliona ningelazimika kueleza. Niliona kicheko kile cha foleni kikirudi, safari hii kikija kwangu, baada ya miaka yote. Nikachukua karatasi ya cheti nikaandika: STEMPU YA PODA. SI HALISI. KAMPUNI HAIKUWAHI KUTOA STEMPU YENYE MANENO HAYA. Nikatia sahihi na muhuri.

Wewe ukainua kichwa ukasema, "Mama, mbona hukuangalia nyuma?"

Uliuliza kwa sababu nimekufundisha hivyo. Hatutoi neno kabla ya kugeuza stempu, kuangalia gundi na nyuzi za karatasi. Sikuigeuza, nawe ukaona. Nikakukaripia mbele ya mgeni, nikakwambia nenda ukapike chai, kazi ya watu wazima huielewi. Ulikwenda. Chai uliyoleta ilikuwa haina sukari, sijui ulisahau au ulikusudia, nami niliinywa yote. Ulikuwa sahihi siku ile. Nilikuvunja mahali ambapo ulikuwa unafanya kazi vizuri kuliko mimi, na tangu hapo hukuniuliza tena swali la namna hiyo. Hilo linaniuma kuliko cheti chenyewe. Nisamehe mwanangu.

Akisa hakubishana. Alichukua cheti, akachukua kikaratasi, akaviweka pamoja kimoja juu ya kingine, akaviangalia kwa muda. Akavikunja pamoja, akaaga kwa heshima, akaondoka. Alipokuwa ameshavuka barabara ndipo nikaelewa alichokuwa anaangalia. P yangu ina kichwa kikubwa na mkia unaoanzia juu ya kichwa, tangu shule ya msingi, mwalimu alinipigia na haikutoka. Kwenye kikaratasi ilikuwepo. Kwenye cheti nilikuwa nimeiandika tena, kwa herufi kubwa, kwa wino, na sahihi yangu chini. Hakuja kutafuta neno langu kuhusu stempu. Alikuja kutafuta P yangu, na nikampa.

Nilisubiri arudi na kelele. Hakurudi. Na kwa vile uongo ukikaa bila kuguswa unaanza kuonekana wa kawaida, nikauingiza kwenye daftari: Poda zote ni bandia. Mwaka uliofuata familia moja ya Tororo ikaniletea Poda yao, iliyokutwa kwenye vitu vya marehemu babu yao. Ilikuwa ya kweli kabisa. Nikasema hapana, kwa sababu nilikuwa nimeshasema hapana. Waliniandikia baadaye kunishukuru kwa uaminifu wangu, wakasema wameitia motoni jikoni pamoja na takataka zingine za mzee. Barua yao ya shukrani ninayo. Siwezi kuisoma wala kuitupa.

Kwa hivyo hiyo inayokusubiri Nairobi ni bahasha ya tatu ya Poda ninayoijua. Sijaiona, huenda ni bandia kweli, ndiyo maana kazi ni yako. Lakini nilipokusikia ukisema ni rahisi, na nikaona jinsi unavyoniamini, nilijua kwamba Jumatano au Alhamisi utachukua kalamu na uongo wangu utaandikwa kwa jina lako, jina ambalo halijaandika uongo wowote. Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Baba yako alidhani nalilia safari yako.

Asubuhi ya leo, ulipokwenda kununua viatu, nilikwenda Adungosi.

Nilimkuta Omuse kwenye kibanda chake kando ya soko, anakata tairi. Amekonda, na macho yanataka kitu kiwe karibu sana na pua. Akisa alikuwepo, anauza njugu mlangoni. Aliponiona akasimama, akaingia ndani akamwambia maneno kwa Kiteso. Mzee hakuacha kukata.

Nilimsalimia. Akaitikia. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni Taaka, yule karani wa Makokha."

"Najua. Hata ukiwa bado barabarani nilikusikia ukiuliza njia."

Nikatoa cheti kipya nilichokuwa nimekiandika jana, nikampa. Akakirudisha. "Macho imeisha. Soma."

Nikasoma, nimesimama, wateja wawili wa akala wakisikiliza. "Mimi Taaka, niliyekuwa karani, nathibitisha kwamba stempu ya Barua za Poda ni halisi. Ilichongwa na Omuse wa Adungosi kama alivyoandikiwa. Neno lilipaswa kuwa Boda. Kosa lilikuwa langu, na nilimsingizia."

"Rudia hapo. Neno ilipaswa kuwa nini?"

"Boda."

"Tena."

"Boda."

Akaweka kisu chini. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. "Akisa, umesikia? Bado anasema poda." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Akisa akamletea maji. Wale wateja wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Akasema, "Miaka yote naambia watu, hiyo kosa si ya Mteso. Nyinyi chukueni huyo karani, muambieni aseme hiyo neno mara moja. Mara moja tu. Hakuna mtu alienda."

Kisha kicheko kikaisha. Akachukua kisu chake tena, akakigeuzageuza.

"Mama Akisa alikufa akijua ni mimi," akasema. "Nilimuonyesha ile karatasi. Alisema, wewe uliiandika mwenyewe, unaona haya."

Nilikaa kwenye kipande cha tairi. Alimaliza kiatu kimoja akaanza cha pili. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza, maana swali hilo lingekuwa tena la kunisaidia mimi. Nilipoinuka ndipo akauliza habari zako. Nikamwambia unakwenda Nairobi kufanya kazi ya kupima stempu, na kwamba kuna Poda mezani inakusubiri.

"Akikuta ni ile yangu," akasema, "aandike jina. Huko kwa vitabu wanaandika ya Makokha, wanaandika ya huyo fundi wa Busia. Yangu hakuna. Aandike nani alichonga."

Hilo ndilo aliloomba. Akisa alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa njugu za kukufungia safarini. Ziko kwenye mfuko wa bluu.

Nimewaandikia leo wale wakusanyaji ambao anwani zao ninazo, na ile familia ya Tororo. Wengine hawataniamini tena kwa lolote, na wana haki. Huenda na ofisi yako ikauliza maswali, kwa kuwa walikuita kwa ajili ya daftari langu. Naogopa hilo, sitakuficha. Ulifanya kazi miaka mingi kufika mlango huo, na mimi nakwenda kuutikisa siku unayoingia. Lakini afadhali uingie ukijua ulichobeba. Wakikuuliza karani wa Poda ni nani, usiseme ni mtu mmoja wa zamani.

Igeuze ile stempu. Tazama gundi, hesabu matundu, tafuta mguu wa R. Kama ni bandia, andika bandia. Kama ni ya kweli, andika jina la Omuse kwanza, halafu langu mahali pake.

Nilikuwa nimefikiria kukubandikia Poda juu ya bahasha hii. Ninayo moja, niliificha siku ile ya kuchoma. Muhuri wa kampuni bado uko kwenye droo, na mkono wangu bado unajua kuupiga. Lakini nikiupiga leo nitakuwa nimetengeneza barua ambayo haikusafirishwa, na wewe ndiye utakayeitambua. Stempu nimeiweka kando ya barua hivyo hivyo, haijapigwa kitu. Uitumie kulinganisha, kisha uirudishe Adungosi ukija Krismasi. Ni ya Akisa.

Nasikia baba yako anahamisha sanduku lako mara ya tatu, anatafuta mahali ambapo hatalisahau. Utaingia sasa hivi, umeshiba, na utasema mbona macho ya mama mekundu, nami nitasema ni kichwa.

Kesho alfajiri nitatangulia barabarani kukuitia pikipiki ya kukufikisha stendi. Nitaita kwa sauti, majirani wakisikia, na unajua mwenyewe neno litakavyotoka. Usinisahihishe. Wewe huko Nairobi uandike neno lilivyotoka, na jina la aliyelitoa.

Mama yako,
Taaka,
karani wa Barua za Poda